Duka la dawa la Sinza na tumbo langu la ngoma

Juzi nilikula wali maharage kwa mama ntilie, nikashushia soda mbili, mbio mbio kama nafukuzwa. Kufika saa nne usiku tumbo limekuwa ngoma, ukiligonga linaitika. Nikajikokota hadi duka la dawa la mtaani kwetu, Sinza.

Dada wa zamu hakukimbilia kuuza. "Kaka, umetapika? Una homa? Choo kina damu? Ingekuwa hivyo ningekwambia nenda hospitali." Ndipo akanipa vidonge vya simethikoni, vya kutafuna. Vinaunganisha viputo vidogo vya gesi viwe vikubwa, vitoke kirahisi. Ladha ni mnanaa uliochanganywa na chaki, siisifii. Ila baadaye nilicheua na, samahani, mengineyo. Mke wangu akahamia sebuleni.

Yule dada wa duka alinifunza pia kuloweka maharage usiku kucha na kuyamwaga yale maji, maana yana sukari ambazo hatuwezi kuzimeng'enya, bakteria wa utumbo mpana wanazichachusha. Hilo hakunitoza.

Kasoro moja: chenji. Mia mbili yangu nikarudishiwa pipi. Pipi, za kunyonya na kumeza hewa, kwa mtu mwenye gesi!