Saa ya Horvath au DunedinPACE: uchague ipi?

Zote mbili ni vipimo vya kuzeeka kwa mwili. Husoma alama za methili, yaani vikundi vidogo vya kemikali vilivyobandikwa kwenye DNA, lakini hujibu maswali tofauti. Saa ya mtafiti Steve Horvath ya mwaka 2013 husoma sehemu 353 za DNA na kukupa umri kwa miaka: una 45, inasoma 48. Uzuri wake mkubwa ni kwamba inafanya kazi kwenye damu, mate, ini, hata ubongo. Tatizo ni kwamba ilifundishwa kukisia umri wa kalenda, na katika majaribio nusu ya makisio yalikosea kwa zaidi ya miaka 3.6. Tofauti hiyo ya miaka mitatu, basi, isikutie hofu wala isikufanye ununue vidonge.

DunedinPACE ya mwaka 2022 hupima kasi ya kuzeeka. Jibu la 1.1 maana yake unazeeka kwa kasi iliyozidi ya kawaida kwa asilimia 10. Ilijengwa kwa viashiria 19, vikiwemo vya figo, mapafu na fizi, vilivyofuatiliwa kwa miaka 20 kwa watu waliozaliwa Dunedin, Nyuzilandi. Sehemu zake 173 zilitokana na zile zinazotoa jibu lile lile sampuli ikirudiwa, kwa hiyo anayetaka kufuatilia mabadiliko achague hii.

Ila iliundwa kwa damu. Mate huchanganya seli za shavu na chembe nyeupe za damu, na uwiano wake hubadilika kila siku. Rudia kipimo kwa damu, maabara ile ile, na usipime ukiwa na homa.