Kuchora ramani kwenye Source na Source 2: uzoefu wangu

Bunduki moja ya gemu ya Half-Life 2 ndiyo iliyoniingiza huku kwenye Source, injini (programu inayoendesha gemu) ya kampuni ya Valve: ile inayonyanyua pipa na kulirusha. Gemu ilitoka 2004, na kwa wakati ule vitu kuanguka na kubiringika kwa uzito wake lilikuwa jambo la kushangaza. Fizikia yenyewe Valve waliichukua kwa kampuni ya Havok, wakaifanyia marekebisho yao. Nilitaka kuchezea mapipa yangu mwenyewe, basi nikafungua Hammer, programu ya kuchorea ramani, yaani mazingira ambamo gemu huchezwa.

Source ina ukoo. Half-Life ya 1998 ilijengwa juu ya injini ya gemu ya Quake, kwa leseni ya watengenezaji wake, id Software, ikabadilishwa sana. Gemu ilipokaribia kutoka, msimbo uligawanywa kwenye folda mbili: GoldSrc kwa toleo lililokuwa njiani, Src kwa majaribio ya mbele. Injini nzima, Source, ikaishia kurithi jina la folda hiyo ya Src!

Urithi mwingine wa Quake ni BSP, njia ya kuugawa ulimwengu wa gemu, na huu ndio ulionitoa jasho. Injini hukata ulimwengu vipandevipande, kisha programu iitwayo VVIS hupiga hesabu mapema: ukisimama hapa unaweza kuona wapi na wapi. Hesabu hiyo inadai ramani izibwe kama mtungi. Yangu ya kwanza ilivuja. Hammer ikanichorea mstari mwekundu ulioanzia kwenye taa, ukapita mlangoni, ukapanda ngazi na kutokomea kwenye kona ya dari. Nikavuta karibu, sioni kitu. Nikavuta tena: kati ya ukuta na dari palikuwa na mwanya wa uniti moja, kipimo kidogo cha Hammer. Nusu siku ilikuwa imekwisha.

Mwanga nao hukokotolewa mapema, kazi ya programu nyingine, VRAD. Ukisogeza taa moja, unaanza kusubiri upya. Lakini matokeo yake yalinipendeza: kivuli laini ukutani hata kwenye kompyuta yangu kuukuu.

Kisha ikaja injini mpya, Source 2: gemu ya Dota 2 ilihamia huko mwaka 2015, ikafuata Half-Life: Alyx 2020, kisha Counter-Strike 2 Septemba 2023. Hammer mpya ni kifaa kingine kabisa. Unashika ukingo wa ukuta unauvuta, unachonga dirisha papo hapo, na hakuna mambo ya kuziba. Moshi wa Counter-Strike 2 hujaa chumba kufuata umbo lake, na risasi ikipita huacha tundu la muda mfupi. Nilikaa nikiupiga risasi bila adui yeyote.

Anayetaka injini ya kuanzia gemu yake tangu sifuri aende Unreal au Godot. Huku unaingia kupitia vifaa vya gemu iliyokwisha kutengenezwa. Februari 2025 msimbo wa gemu nyingine ya Valve, Team Fortress 2, uliongezwa kwenye SDK ya Source (vifaa vya watengenezaji), ila moyo wa injini bado umefungwa.

Kwa ramani tu, naipa Source 2 nyota nne. Mpaka leo naziba kona za dari, ingawa hakuna anayenidai.