BMW 320d ya milango miwili kwa barabara za Dodoma: uzoefu wangu

Nianze na jibu. Kama kila wiki uko barabarani kuelekea Morogoro, Singida au Iringa, na unataka gari la milango miwili linalopanda mlima bila kulalamika na lisilokufilisi kituoni, chukua BMW 320d Coupe ya HP 184 iliyotengenezwa kuanzia katikati ya 2011. Kama safari zako ni mjini, Mtumba kwenye mji wa serikali, kisha nyumbani, dizeli ya kisasa si gari lako hata ukipewa kwa bei ya kutupa. Nunua la petroli.

Ninayoitumia ni hiyo: bodi ya E92, injini ya N47 yenye cc 1,995, gia otomatiki. Nimeziendesha na kuzipima pia Mercedes E250 CDI na Audi A5 kabla ya kuamua, na nitazitaja mbele.

Tuanze na mwendo. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na hapa injini ya petroli isiyo na turbo hupoteza takribani sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kwa sababu hewa ni nyepesi. Turbo inafidia hilo. N47 ya HP 184 inatoa nguvu ya kuvuta ya Nm 380 kabla hata ya kufika mizunguko 2,000 kwa dakika. 320i ya petroli ya bodi hiyohiyo ina Nm 210. Tofauti utaiona ukiwa nyuma ya semitrela inayojikokota kati ya Dumila na Gairo: unakanyaga robo ya pedeli, gia inashuka moja, umeshapita. Kwenye kona za Nyang'oro ukienda Iringa huhitaji kupigisha injini kelele. Inavuta kutoka chini.

Mafuta: kwa mwendo wa 80 hadi 100 napata kilomita 17 hadi 19 kwa lita. Mjini ni 12, ikishuka mpaka 11 kiyoyozi kikiwa kimewashwa muda wote. Kiwanda kinadai wastani mzuri kuliko huo, lakini hicho ni kipimo cha maabara. Dodoma hadi Dar, kilomita kama 450, inataka lita 25 hivi.

330d ya HP 245 na Nm 520 inafika 100 kwa sekunde kama sita na inakupa kilomita 13 hadi 15 kwa lita. Kwa safari ya Dar hiyo ni tofauti ya lita saba au nane, si pesa ya kuliliwa. Kinachoniondoa kwake ni ushuru. Injini ikivuka cc 2,000, ushuru wa bidhaa unapanda kutoka asilimia 5 hadi 10, na gari binafsi lililopita miaka 10 linaongezewa asilimia 30 ya uchakavu, halafu VAT ya asilimia 18 inakaa juu ya vyote hivyo. Kumbuka injini ya E220 na E250 CDI ni cc 2,143: inaitwa ya lita mbili mtaani, lakini TRA hawaihesabu hivyo. Piga hesabu kwenye kikokotoo chao kabla hujatuma shilingi kwa muuzaji, maana wanatumia thamani iliyomo kwenye mfumo wao, si bei uliyopunguziwa Uingereza.

Na magari haya karibu yote yanatoka Uingereza. Japani waliuza dizeli chache sana za aina hii, kwa hiyo ukiona tangazo la coupe ya dizeli kutoka huko, soma mara mbili.

Sasa DPF, kwa sababu hapa ndipo watu wengi wa Dodoma wanapoumia. Ni chujio la masizi lililo kwenye egzosi. Likianza kujaa, kompyuta huongeza dizeli ili joto la egzosi lipande mpaka nyuzi 600 hivi na masizi yaungue. Kazi hiyo inataka injini iwe imepata moto vizuri, maji yavuke nyuzi 75, na dakika 15 hadi 20 za mwendo usiokatizwa. Mjini hadi Mtumba ni kilomita kama 17 zenye mizunguko ya barabarani, taa na matuta. Gari linaanza kuchoma, unazima, unaondoka na masizi nusu. Siku nyingine hivyohivyo. Dizeli isiyoungua inachuruzika kwenye oili, oili inakuwa nyepesi, na turbo ndiyo ya kwanza kuilipia. Dalili ni oili inayozidi kiwango badala ya kupungua, na ukiinusa inanuka dizeli. Tangu treni ya SGR ianze kuja Dodoma mwaka 2024 wengi tumepunguza kwenda Dar kwa gari. Treni ni nzuri, lakini DPF ilikuwa inasafishwa na zile safari.

Ukiwa na gari hili na wiki imepita bila safari, litoe Jumapili: Dodoma hadi Kibaigwa na kurudi, gia ya nne au ya tano, mizunguko isishuke chini ya 2,000. Usizime gari wakati feni inanguruma na kuna harufu ya moto kwa nyuma; liache limalize.

Kabla ya kulaumu DPF pima termostati, valvu inayodhibiti joto la maji ya injini. Kwenye BMW za dizeli hukwama ikiwa wazi, injini inazunguka na nyuzi 65 au 70 siku nzima, wala dashibodi haikuambii kwa sababu E92 haina geji ya joto la maji. Chomeka mashine ya kusoma kompyuta ya gari, endesha dakika 20 barabara kuu: isipofika 85 na kuendelea, badilisha. Ni kifaa cha bei ndogo kinachoua kifaa cha bei kubwa. Kwenye injini za silinda sita za M57 kuna termostati ya pili upande wa EGR, mfumo unaorudisha sehemu ya moshi kwenye injini. Zibadilishe zote mbili kwa pamoja.

Kuhusu kutoboa DPF: mafundi watakushawishi. Wakitoa matumbo ya chujio bila kubadilisha programu, gari linajibana na kukataa kuvuta. Wakibadilisha programu kwa faili la kuokoteza, unapata moshi mweusi kila ukikanyaga. Mimi ningelishusha na kulisafisha kwanza. Masizi yanatoka, majivu ya oili yakishajaa ndipo chujio limefika mwisho, na majivu hayo yanapunguzwa kwa kutumia oili sahihi.

Oili hiyo kwa BMW ni 5W-30 yenye alama ya LL-04, kwa Mercedes ni 229.51, kwa Audi ni 507.00. N47 inachukua lita 5.2 pamoja na filta. Kompyuta ya gari itakuruhusu kwenda karibu kilomita 30,000 bila kumwaga. Usiikubalie. Dizeli ya Ulaya ina salfa isiyozidi sehemu 10 kwa milioni, kiwango chetu kinaruhusu 50, na salfa huichosha oili mapema. Ongeza vumbi la kuanzia Juni mpaka Novemba. Mimi namwaga kila kilomita 8,000, na filta ya hewa inafuatana nayo.

Kumwaga oili mapema kunahusiana moja kwa moja na ugonjwa wa N47 unaojulikana dunia nzima: cheni ya taimingi. Imewekwa nyuma ya injini, upande wa giaboksi, hivyo kuibadilisha lazima giaboksi au injini yenyewe ishuke. Za 2007 hadi mwanzoni mwa 2011 ndizo zenye sifa mbaya. Taiti inayokaza cheni na reli zake za plastiki hulika, cheni inalegea, ikikatika valvu na pistoni zinakutana. Kwenye injini za mwanzo meno ya krenki yametengenezwa pamoja na krenkishafti, kwa hiyo yakilika huwezi kununua jino peke yake.

Namna ya kuipima: gari lilale usiku mzima, uwepo wewe mwenyewe asubuhi linapowashwa. Ukikuta muuzaji ameshaliwasha na limepata moto, rudi kesho. Fungua boneti, chukua bisibisi ndefu, weka ncha kwenye bloku kwa nyuma kabisa karibu na ukuta wa kabini, mpini sikioni. Mlio wa kawaida wa dizeli ni kugonga kwa mpangilio. Cheni iliyochoka inakwaruza, kama mnyororo wa baiskeli unaoburuzwa kwenye sakafu, na unausikia zaidi mtu akipandisha taratibu kutoka 1,000 hadi 2,000. Ukiusikia, usipunguziwe bei, ondoka, isipokuwa umeshapata fundi na umeshajua gharama ya cheni zote mbili, reli, taiti na kazi ya kushusha giaboksi.

Nozeli, yaani zinazopuliza dizeli ndani ya injini. Za solenoidi (zinazofunguliwa na sumaku ya umeme) hutengenezeka. Za piezo (zinazofunguliwa na kioo cha umeme) kwa kawaida unanunua nyingine. Ndiyo sababu E250 CDI za mwanzo zinanitia wasiwasi: hadi karibu 2011 zilifungwa nozeli za piezo za Delphi zilizokufa sana, baadaye Mercedes wakarudi kwenye solenoidi. Kama umeipenda, muulize muuzaji karatasi ya kubadilishiwa. Nozeli mpya yoyote ina namba iliyochongwa kichwani, na lazima iandikwe kwenye kompyuta ya gari. Fundi akiifunga bila kuiandika, gari litatetemeka likiwa limesimama na utaambiwa nozeli ni feki.

Dizeli ya madumu ya pembeni mwa barabara usiiguse. Pampu ya presha inalainishwa na dizeli yenyewe. Ikichanganywa mafuta ya taa inajisaga, na vumbi la chuma linaingia nozeli zote nne. Ukishajaza kituoni, tunza risiti.

Nikirudi kwa washindani: E250 CDI ni tulivu kuliko zote, HP 204 na Nm 500, na kwa safari ya Mwanza ningeichagua. Imenishinda kwa ushuru na nozeli tu. Zile za mwishoni zenye AdBlue, maji ya urea ya kusafisha moshi, ziache. Hesabu ya kilomita zilizobaki ikifika sifuri gari halitawaka mpaka uijaze, na si kila kituo huku kina AdBlue. Audi A5 2.0 TDI ina ndani nzuri kuliko BMW, lakini nyingi za otomatiki zinazovuta kwa mbele zina giaboksi ya Multitronic, isiyo na gia za hatua, na hiyo siigusi. Ya gia za mkono ni sawa, ila kwenye injini za miaka ya mwanzo kuna kipini cha pembe sita kinachozungusha pampu ya oili. Kikilika pembe zake, presha inapotea na turbo inakwenda nayo. Shusha sampo, bakuli la oili la chini, ukiangalie.

Giaboksi ya ZF ya gia sita iliyo kwenye 320d imeandikwa oili ya maisha. ZF wenyewe wanashauri ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000. Sampo yake ya plastiki imeungana na filta, kwa hiyo unainunua nzima. Spea hizi Dodoma hupati haraka. Huagizwa Dar, Ilala au Gerezani, na kuletwa kwa basi. Tuma namba ya chesisi, picha peke yake haitoshi.

Adha za milango miwili: mlango ni mrefu na mzito, kwenye maegesho ya kubanana unatoka kwa ubavu. Nyuma ni watu wawili, na mama mkwe usimpeleke huko. Kioo hakina fremu, kinashuka kidogo ukishika kitasa na kupanda mlango ukifungwa. Betri ikifa hakishuki, ukilazimisha unachana raba. Raba hizo zipake silikoni kila mwezi wakati wa kiangazi, la sivyo vumbi litakuwa abiria wako. Ule mkono unaokuletea mkanda begani ukiharibika, uache tu.

Tairi zinazokwenda bila upepo ndizo zilizokuja nalo, na hakuna spea. Ni ngumu, zinapasua rimu kwenye mashimo. Nimeweka za kawaida 225/45 R17 na tairi kamili ya akiba kwenye buti. Rimu za inchi 18 zinapendeza, ila 255/35 za nyuma kuzipata hapa ni kuagiza. Matuta yapite kwa mshazari na taratibu. Kinga ya plastiki ya chini ndiyo inayochanika kwanza, na spring za nyuma hukatika mzunguko wa chini bila kelele.

Mwisho ni historia ya gari. Kwa namba ya usajili ya Uingereza unaweza kuangalia bure, kwenye tovuti ya serikali yao, kila ukaguzi wa MOT: umbali uliosomwa na kasoro zilizoandikwa. Tafuta maneno ya kutu kwenye mabomba ya breki na kwenye fremu ya nyuma, maana huko wanamwaga chumvi barabarani. Angalia kama namba zinapanda kila mwaka bila kurudi nyuma, na ujue ni maili: 100,000 zao ni kilomita 160,000, na wapo wanaotangaza 98,000 bila kuandika kipimo. Mimi ningechukua ya maili 110,000 iliyopanda maili nyingi kila mwaka na ina risiti za oili, nikaiacha ya maili 60,000 iliyokuwa ikitembea 4,000 kwa mwaka. Ya kwanza ilikuwa barabara kuu. Ya pili ilikuwa ikizimwa kabla haijapata moto.