Siku nne Pemba: ratiba niliyouziwa na ratiba niliyoifuata

Pemba yenyewe sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni na waliotupangia safari, na hata wao nitawapa haki yao panapostahili.

Mimi na mume wangu tulitaka kuona viumbe, si kuota jua ufukweni. Mwaka wa nyuma tulikwenda msitu wa Jozani, Unguja, kima punju wakapita hatua tatu kutoka tulipokaa, tukanogewa. Safari hii tukasema twende Pemba. Kampuni tuliyoipata Dar (jina nitalihifadhi) ikatuuzia siku nne, kulala tatu, laki tisa kwa kila mtu: boti kutoka Unguja, gari, hoteli ya Chake Chake, viingilio vyote na boti ya kwenda kisiwa kidogo cha Misali. Dada aliyekuwa akitujibu kwenye simu ana lugha nzuri, hata saa tano za usiku anapokea. Ila alinishtua mapema aliposema, "Lakini Pemba hakuna wanyama, dada. Kwa nini msirudi tu Unguja?"

Anayesema hivyo anafikiria simba na tembo. Hao kweli hawapo. Unguja iliunganika na bara mpaka bahari ilipopanda baada ya zama za barafu, ndiyo maana hata chui alikuwa na kabila lake kule. Pemba ilitengwa zamani sana, na mkondo unaoitenganisha na bara una kina cha mamia ya mita. Wakubwa hawakuvuka. Waliovuka, wengi wao wenye mabawa, wakabadilika humo humo wakawa wa Pemba. Kuna ndege wanne ambao huwapati kokote duniani isipokuwa hapo: ninga wa Pemba, chozi wa Pemba, yule kadogo ka manjano mwenye duara jeupe kuzunguka jicho, na bundi mdogo wa rangi ya kutu. Ongeza popo mkubwa ambaye naye ni wa kisiwa hicho tu.

Tatizo la viumbe wadogo ni kwamba kila mmoja ana saa yake. Tembo utamkuta hata adhuhuri. Bundi je?

Sasa ratiba tuliyotumiwa: siku ya kwanza, kufika bandari ya Mkoani na kupelekwa kijiji cha Kidike kwenye popo saa saba mchana. Siku ya pili, Misali, kuondoka saa nne asubuhi. Siku ya tatu, msitu wa Ngezi kuanzia saa nne hadi saa sita, halafu ufukwe wa Vumawimbi, na kurudi Chake kabla ya giza. Siku ya nne nyumbani. Kwenye karatasi imependeza, mpaka picha imewekwa. Mimi nikalipa bila kuuliza lolote, na hilo ni kosa langu.

Mzee wa gari aliyetupokea Mkoani ndiye aliyeiokoa safari. Nilipompa ile karatasi aliisoma mara mbili, akanirudishia. "Mwanangu, aliyeandika hii hajapata kulala Pemba. Popo saa saba utawaona, lakini utaona magunia yananing'inia. Kuleni kwanza, mpumzike, twende baada ya alasiri."

Tukamsikiliza. Kidike si mbali na Chake, na kiingilio ni cha wanakijiji wenyewe. Tulifika jua limelegea. Kwanza unawasikia: kelele kama soko la samaki, kila mmoja anagombea tawi na jirani yake. Kisha unawanusa. Halafu unainua kichwa na miti yote juu imejaa sura za mbweha, manyoya ya rangi ya chungwa iliyoiva, mabawa meusi wanajipepea nayo kwa sababu ya joto. Bawa kwa bawa mkubwa wao anafika kama mita 1.6, yaani urefu wangu mimi. Kijana wa pale alitueleza kwamba zamani waliliwa sana, wakiwindwa kwa bunduki, na kufikia mwisho wa miaka ya 1980 walikuwa karibu kwisha. Mwaka 1996 waliwekwa kwenye kundi la walio hatarini kabisa kutoweka. Vijiji vikaamua kuyalinda makazi yao, na leo wanahesabiwa kwa maelfu. Ilipokaribia magharibi wakaanza kuondoka, mmoja, watano, kisha mbingu nzima ikielekea upande mmoja. Mume wangu, ambaye hupiga picha hata sahani ya chakula, alisahau simu mfukoni.

Kwa hilo tu ningerudi.

Usiku ule ule nikampigia yule dada wa Dar: tunataka kulala kaskazini siku ya pili, jirani na Ngezi, ili tuingie msituni usiku. Akasema sawa, ila hoteli ya Chake imeshalipwa, kwa hiyo tujilipie wenyewe. Tukajilipia nyumba ya wageni huko upande wa Konde. Haikuwa na lolote la kujivunia, chandarua kilikuwa na tundu la kupitisha mkono, lakini ilikuwa karibu, na hicho ndicho tulichotafuta. Kutoka Chake hadi Ngezi ni safari ya zaidi ya saa moja. Ukilala Chake, saa nzuri za msitu zote mbili, usiku na alfajiri, zinakupita ukiwa barabarani au kitandani.

Ngezi ya usiku unaingia na mwongozaji wa msitu, na inabidi umpe taarifa mchana, si kumgongea mlango. Tulitembea kimya, tochi zimezimwa, mwezi unapenya kwenye mivule. Komba analia kama mtoto aliyenyimwa titi. Kisha sauti moja fupi, "hu", kimya, "hu" tena. Mwongozaji akaiga kwa mluzi, kikajibu, kikajibu karibu zaidi, tochi ikawashwa kidogo: kibundi kisichozidi ngumi mbili, macho ya njano, kimekereka kweli kweli. Shangazi yangu nilipomsimulia aliuliza kama nimesoma dua kabla ya kulala.

Asubuhi tukarudi humo humo tukaona ninga wakila matunda juu, na mpapindi, mti mwembamba wa msituni wa jamii ya mnazi usioota pengine popote, ambao jamaa zake wa karibu wako Madagaska. Paa chesi hatukumwona, alisikika tu akikimbia. Saa nne, muda tuliopangiwa kuanza, msitu ulikuwa umeshanyamaza na sisi tunakunywa chai.

Misali, tulikokwenda mchana wa siku ya pili kabla ya Ngezi, ndiko kampuni ilikoniudhi. Mwezi ulikuwa mpevu, yaani bamvua, siku ambazo maji hujaa na kukauka kuliko kawaida, na mwambao wetu siku za bamvua maji hujaa mnamo saa kumi na kupwa mnamo saa nne. Mvuvi yeyote anajua hilo. Mzee wa gari alishauri tuondoke saa kumi na mbili, maji yakiwa bado yapo. Nikampigia dada, akasema "nimewaambia watu wa boti". Hakuwaambia. Mwenye boti alikuja saa nne kamili kama alivyoagizwa, boti ikabaki mbali, tukaifuata kwa miguu kwenye tope la mikoko hadi magotini, ndala yangu moja imebaki huko. Maboya ya kuvaa yalikuwa mazima na ya kutosha. Miwani ya kuzamia ilikuwa inavuja, zote tatu.

Tulipofika maji yalianza kupanda, kwa hiyo matumbawe tuliyaona vizuri. Kilichokatwa ni muda wa kuzunguka kisiwa na mapango yake. Mwenye boti, ambaye wala hakuwa na kosa, alitusimulia habari ya Nabii Khidhri aliyeomba mswala kwa wavuvi, hawakuwa nao, akasema kisiwa chenyewe kitamtosha kwa kuwa kimeelekea kibla. Nilimuuliza kaa wa nazi, yule kaa mkubwa wa nchi kavu, yuko wapi. "Mchana amelala, dada."

Ilikuwa mwishoni mwa Septemba, karafuu zimeanikwa kwenye mikeka kila kijiji, gari zima linanukia. Begi langu linanukia mpaka leo.

Nyota nimewapa tatu. Gari safi, viingilio vyote vililipwa bila usumbufu, simu inapokelewa. Ukiwatumia, waulize kabla ya kutoa hela: tarehe hizo mwezi wa angani utakuwa na siku ngapi, tutalala upande gani wa kisiwa, na nani atatuingiza msituni usiku. Wakibabaika, mtafute dereva wa Pemba umuulize yeye. Na ile hela ya kitanda cha Chake ambacho hatukukilalia walisema wangeirudisha ndani ya wiki mbili; huu ni mwezi wa tatu.