Gettysburg: anza na filamu, uwanja baadaye

Sisi tunaokaa Pennsylvania tukipata mgeni toka nyumbani, safari huwa ni New York au Niagara. Mama alipokuja nikampeleka Gettysburg, uwanja wa mapigano makubwa ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, pamoja na wanangu, na kilichonifurahisha zaidi ni filamu ya kituo cha wageni.

Inaitwa A New Birth of Freedom, kama dakika 20 hivi, msimulizi Morgan Freeman. Haikimbilii risasi. Kwanza inakueleza ugomvi wa utumwa uliowagawa Kaskazini na Kusini, ndipo mizinga inaanza kulia. Mpangilio huo unatufaa sana sisi ambao shuleni Lincoln tulimpitia juu juu tu. Mama, Kiingereza chake ni cha kuombea maji, kwa hiyo nilikuwa namnong'oneza. Katikati akanishika mkono: "Kumbe na hawa walichinjana wao kwa wao?" Ndiyo, mama. Kuanzia Julai 1 hadi 3, 1863, waliouawa, kujeruhiwa, kutekwa na kupotea walikuwa kama 51,000.

Ikiisha mnapanda juu kwenye Cyclorama, mchoro wa Mfaransa Paul Philippoteaux wa miaka ya 1880. Una urefu wa mita 115 hivi na umezunguka ukumbi mzima, nyie mko katikati. Unaonyesha shambulio la Pickett, jenerali wa Kusini, siku ya tatu ya mapigano. Taa zinafifia, mizinga inanguruma, na mbele ya mchoro wamepanga vitu vya uwanja wa vita hata hujui picha inaanzia wapi. Wenye watoto wadogo mjiandae, wangu wa mwisho alijifunika kitenge cha bibi yake mpaka mwisho.

Filamu na mchoro unalipia, uwanja wenyewe ni bure. Najua wabahili wenzangu mnawaza nini. Lipeni tu! Nje kuna majani, mawe, mizinga, na minara ya kumbukumbu zaidi ya 1,300. Bila filamu utapiga picha mbili urudi kwenye gari. Sisi tulipofika pale kwenye uwazi wa shambulio la Pickett tulishajua kwamba askari wa Kusini kama 12,000 waliuvuka kwa miguu, zaidi ya kilomita moja, huku wakipigwa mizinga. Mkubwa wangu akataka kuuvuka na yeye. Jua lilimrudisha.

Ila dakika 20 hazibebi siku tatu. Mpenzi wa mbinu za kivita atatoka na njaa, majenerali wanapita mbio mbio. Huyo achukue mwongoza wageni mwenye leseni: anashika usukani wa gari lako mwenyewe, anakuzungusha uwanjani huku anasimulia, na maswali yote anajibu. Weka nafasi mapema, hasa kama unakwenda siku zile za mwanzo wa Julai, maana ndiyo kumbukumbu ya vita na watu wanafurika.