Programu ya kukokotoa ukaushaji wa mbao kwa maikrowevu: mawimbi inayajua, mti bado

Kwa miezi mitatu nimekuwa nikitumia programu ya kompyuta inayokokotoa jinsi mbao zinavyokauka ndani ya tanuri la maikrowevu, na neno langu kwa anayetaka kulipia leseni yake ni hili: inunue kwa ajili ya mawimbi, lakini usiiamini kuhusu mti mpaka uipe vipimo vyako mwenyewe.

Upande wa mawimbi sina lawama. Ukishachora tanuri na ubao uliomo, inakokotoa milinganyo ya Maxwell, yaani kanuni za hesabu zinazoeleza mawimbi ya umeme na sumaku, na kukuonyesha kwa rangi mahali nguvu itakapokusanyika. Ukihama kutoka gigahezi 2.45 hadi megahezi 915, wimbi ambalo hewani lina urefu wa sentimita 12 hivi linarefuka kufikia sentimita 33, na madoa ya joto ndani ya ubao yanapungua na kutanuka.

Taabu inaanzia kwenye mti. Bila kurekebishwa, programu huchukulia kwamba ubao hufyonza mawimbi kwa kiwango kilekile tangu ukiwa mbichi hadi ukauke, ilhali mfyonzaji mkuu ni maji, na unyevu ukishashuka chini ya asilimia 30 hivi, yanaposalia yale tu yaliyoshikwa na kuta za seli, ubao huzidi kuyaacha mawimbi yapite. Vilevile huchukulia kuwa mvuke hupenya kwa wepesi uleule pande zote. Nilipotia tanurini ubao mbichi wa msonobari wenye unene wa sentimita 5, haukupita muda maji yakaanza kutoka povu kwenye ncha zake mbili huku nyuso zake pana zikiwa zimetulia, kwa kuwa mvuke unaozaliwa ndani hufuata nyuzi za mti na kuyasukuma maji mbele yake. Kwenye skrini, ncha hazikutofautiana na ubavu. Nilipoupasua ubao nikakuta katikati ufa usioonekana kwa nje, na kando yake mstari wa kahawia wa kuungua.

Niliwaandikia watengenezaji. Walinishauri nipunguze ukubwa wa vipande vya gridi, yaani vijisehemu ambavyo programu huugawa ubao ili ikokotoe kimoja kimoja. Nikavipunguza, nikapata picha safi zaidi ya kosa lilelile.

Kumbe hesabu ya shinikizo la mvuke imo, ila imezimwa, na mwongozo unaitaja kwa sentensi moja tu (sentensi ambayo ingestahili sura nzima). Nikaiwasha, nikaruhusu mvuke upite kwa wepesi mkubwa zaidi kufuata nyuzi kuliko kuzikata, nikaingiza jedwali la ufyonzaji nililolipima mwenyewe kwa viwango mbalimbali vya unyevu na joto. Hesabu iliyokuwa ya dakika chache ikawa ya usiku kucha, lakini shinikizo kubwa kabisa liliangukia karibu na pale ufa ulipotokea.

Mwenye vifaa vya kupima ufyonzaji huo atafaidi leseni hii. Mwenye karakana anayetafuta ratiba ya kukaushia tu, mizani na mbao chache za majaribio zitamfaa zaidi.