Ekari mbili na geti jeusi kule Njoro: tuikague kabla hujatoa pesa

Haya watazamaji wangu, karibuni tena. Leo tuko Njoro, kama kilomita 20 hivi kutoka Nakuru mjini. Tumeiacha lami ya kwenda Mau Narok, tukaingia murram, na hilo nyuma yangu ndilo geti jeusi ambalo mmekuwa mkinitumia picha zake mkiuliza kama ni dili ama ni danganya toto. Tangazo linasema ekari mbili, vyumba vinne vya kulala, ua pande zote, kisima ndani. Mwenyewe anataka milioni 18. Ameniruhusu kupiga video mradi nisimtaje, na hajanilipa hata nauli, kwa hivyo nitasema ninachokiona.

Geti linafunguka kwa rimoti. Ukuta ni wa mawe, mrefu, na juu yake kuna nyaya za umeme. Safi kabisa. Sasa njooni huku nyuma. Mnaona? Ukuta uko mbele tu. Pande tatu zilizobaki ni kayaba, ua wa miti ya miiba, nyaya zimepitishwa kandokando yake. Kayaba mimi siidharau, ikishakomaa hata mbwa hapenyi. Tatizo ni haya majani hapa chini, yamekua mpaka yameulalia waya. Majani mabichi yakigusa waya, umeme unapotelea ardhini, na ua wote unapungua nguvu. Ekari mbili zikikaa mraba, mzunguko wake ni kama mita 360. Lazima uwe na mtu wa kufyeka hapo msimu wote wa mvua, na huyo ana mshahara. Hilo huwezi kulisoma kwenye tangazo.

Nyumba yenyewe sitawachosha nayo. Vigae vizuri, kabati za jikoni ziko sawa, mabomba ya choo hayavuji. Kuna mahali pa kuota moto sebuleni, na hilo si urembo, kwa sababu hapa tuko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari na Julai ya Njoro haina mchezo. Nimezunguka msingi nikitafuta nyufa, maana udongo wetu wa Bonde la Ufa una tabia zake. Mnakumbuka ardhi ilivyopasuka kule Mai Mahiu mwaka 2018. Hapa sijaona kitu, ila nimeona mtaro wa maji ya mvua unaoishia karibu sana na ukuta wa jikoni. Huo ungehamishwa mapema.

Vyumba vinne nadhani vinatosha, jumba kubwa bila watu halina maana. Mkija kutoka Nakuru mnapita njia ya kwenda kasri la Lord Egerton, yule mlowezi wa Kiingereza, pale Ngata. Ujenzi wake ulianza 1938 ukaisha 1954, na mwenyewe hakuwa na mke wala mtoto wa kumwekea humo.

Tuje kwa maji, na hapa naomba mtulie. Kisima kipo, pampu inafanya kazi, tangi la lita 10,000 limejaa. Nimeuliza swali moja tu: majibu ya maabara yako wapi? Hayapo. Jamani, hii ni Nakuru. Visima vingi vya ukanda huu vina floridi nyingi, inatoka kwenye miamba ya volkeno, na wenyeji tunajua meno ya kahawia yanatoka wapi. Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Maji yanaweza kuwa maangavu, matamu, na bado yawe yamevuka hapo. Kuchemsha hakusaidii, floridi inabaki kwenye sufuria na maji yanapungua. Ukitaka kuiondoa kuna vichujio vya mkaa wa mifupa, ambavyo vimetumika sana Nakuru hii, lakini mkaa huo huchoka na lazima ubadilishwe. Peleka chupa ya maji maabara kwa pesa yako mwenyewe, na uichote wewe.

Na inueni macho kwenye paa. Upande wa nyuma hauna gata, mfereji wa kukinga maji ya paa, hata moja! Milimita moja ya mvua juu ya mita mraba moja ni lita moja. Paa hili likiwa mita mraba 200, mvua ya milimita 20 inakupa karibu lita 4,000 za maji yasiyo na shida ya floridi, na yote yanamwagika kwenye matope. Hapo ndipo ningeanzia matengenezo.

Sasa makaratasi. Nimeonyeshwa nakala ya hatimiliki, na imeandikwa hekta 0.76. Toeni simu mpige hesabu. Ekari mbili ni hekta 0.81. Kilichopungua ni karibu mita mraba 500, zaidi ya ploti nzima ya futi 50 kwa 100. Lakini ukipima kwa hatua ndani ya ua, unapata ekari mbili kamili. Imekuwaje? Twendeni kule mbele. Hii bikoni, alama ya mpaka, iliyojificha kwenye nyasi iko upande wa ndani, karibu mita tano na nusu kutoka ukutani. Kwa macho yangu, ukuta na geti vimejengwa kwenye hifadhi ya barabara, yaani ardhi iliyotengewa barabara. Siku murram hii itakapopanuliwa, hivyo vyote ni vya kubomolewa. Mimi si mpima ardhi. Leteni aliye na leseni, aje na ramani ya msajili, asimamishe bikoni zote nne muuzaji akiwepo. Sachi ya ardhi, yaani kuangalia rekodi za shamba kwa msajili, fanya pia, lakini sachi itakuambia ni ya nani na ina deni gani, haitakuambia ukuta umesimama wapi.

Tena hili ni shamba, kwa hivyo lazima mwende bodi ya udhibiti wa ardhi, inayotoa kibali cha kuuza shamba. Ombi la kibali liwasilishwe ndani ya miezi 6 tangu mkubaliane, na bila kibali mauzo hayo ni batili. Mke au mume wa muuzaji lazima akubali pia. Halafu kuna ushuru wa stempu: asilimia 2 kwa ardhi ya mashambani, 4 ikihesabiwa kuwa ya mjini. Kwa milioni 18 hiyo ni shilingi 360,000 ama 720,000, basi wakili akuulizie mapema iko upande gani.

Ningeinunua? Kwa milioni 18, hapana. Bikoni zikithibitishwa, maji yakipimwa, na bei ishuke kwa kadiri ya ardhi iliyopungua na gharama ya kurudisha ukuta nyuma, hapo ningekaa mezani.

Dada aliyeuliza kama anaweza kuandikisha kwa jina lake na la mumewe ambaye ni raia wa Uingereza: shamba kama hili bodi haitoi kibali kwa asiye raia. Andikisha kwa jina lako, dada. Na kama hutakuwa nchini, hati ya uwakilishi mpe mtu wako, isajiliwe. Usimpe dalali.